Makadirio ya Jiko la Mzee Masinde

Baba yangu, Mzee Masinde, alikuwa fundi wa moto aliyeheshimiwa Kaloleni nzima, na hakuwahi kushika sepetu ya makaa hata siku moja. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wanapenda kupamba. Siku ya mazishi yake kuna mzee alisimama akasimulia jinsi baba alivyokuwa akitupa makaa kwenye tumbo la garimoshi huku jasho likimtiririka. Uongo mtupu. Injini zile zilichoma mafuta mazito. Kazi ya baba ilikuwa kukaa kwenye kiti chake kando ya dereva, kufungua na kufunga mafuta kwa gurudumu dogo la chuma, kutazama rangi ya moshi na kuchunga maji. Yeye mwenyewe aliita kazi hiyo ufayamani, na aliifanya hadi injini za mvuke zilipoondolewa. Baadaye wakampa kazi ya stoo, na mwaka wa tisini na tatu wakampunguza pamoja na wenzake, wakampa hundi, barua ya shukrani na miwani ya kusomea ambayo nadhani ilikuwa ya mtu mwingine.

Kutoka stoo alirudi na ugonjwa mmoja, nao ni fomu. Hakuna kitu kilichobadilishwa nyumbani kwetu bila fomu. Alichukua karatasi ya daftari, akapiga mistari kwa rula, akaandika vichwa vya safu kwa herufi kubwa: KITU KINACHOBADILISHWA. HALI YAKE. BEI. SABABU YA KUBADILISHA. SAHIHI YA MKUU. Tumewahi kubadilisha kamba ya kuanikia nguo kwa fomu. Mkuu alikuwa mama.

Mama yangu, Nabalayo, alikuwa mpishi wa shule ya chekechea kule Makadara, na baada ya baba kupunguzwa ndiye pekee aliyeleta mshahara wa kueleweka. Pesa ilikaa ndani ya sanduku la cherehani, na ufunguo ulikaa kwake, mahali ambapo mtu mwenye adabu hatii mkono. Hakusoma zaidi ya darasa la tatu, lakini fomu alizisoma neno kwa neno. Mimi, Mourine, nilikuwa karani wa wakili karibu na mahakama ya Makadara, nikipiga taipu hati za kiapo kutwa nzima, na nakwambia sijaona hakimu anayesoma karatasi kama mama.

Watu wa mtaa walimwita Mama Mourine, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Shangazi mmoja tu wa Kimilili, kila alipokuja Nairobi, alimwita Mama Griffins. Nilipokuwa mdogo niliuliza Griffins ni nani, nikaambiwa nikateke maji. Nikateka maji. Nilidhani shangazi amechanganya majina ya watoto, maana wanawe ni kumi na mmoja.

Sasa mambo yenyewe yalitokea mwaka wa tisini na tano. Mwezi wa tano mdogo wangu Asenath alijifungua kabla ya wakati. Baba wa mtoto alikuwa safarini wakati huo, na yuko safarini mpaka leo. Mtoto alitoka na kilo moja na nusu, mweusi, amekunjamana, na sura ya mtu aliyeamshwa kwa makosa. Baba akampa jina la babu yake, Luseno. Hospitali ikamweka kwenye kisanduku cha kioo, ikasema atatoka akifika kilo mbili, na nesi akamwita mama pembeni.

"Mama, huyu hana nyama ya kujipasha joto," nesi alimwambia. "Mkienda naye nyumba yenye baridi, mtanirudishia na nimonia. Au hamtanirudishia."

Mama alituletea maneno hayo jinsi yalivyo, wakati anachambua sukuma. Baba aliweka chini kikombe chake cha chai. Hakukishika tena, na mama hapendi chai imwagwe.

Nikueleze nyumba yetu. Nyumba za Kaloleni zilijengwa na kanjo, yaani baraza la jiji la wakoloni, za mawe, na paa la vigae, na mzungu aliyechora ramani aliweka dohani, nadhani kwa kuwa kwao kila nyumba ina dohani. Yetu ilikuwa imezibwa na viota vya ndege tangu sijazaliwa. Mwezi wa saba ukifika, jua linapotea Nairobi kama mtu mwenye madeni, na yale mawe yanameza baridi na kukaa nayo. Unaamka unatoa mvuke mdomoni ukiwa ndani ya nyumba. Joto letu lote lilikuwa jiko moja la bati, nalo lilikuwa limetoboka chini, majivu na makaa yakianguka sakafuni. Tuliliweka juu ya kifuniko cha pipa.

"Jiko libadilishwe," baba alisema.

"Litabadilishwa," mama alisema. "Lingoje mshahara wa mwezi wa saba uingie, tujue tumesimama wapi."

Baba aliinuka akatoka nje. Nilichungulia dirishani. Alikuwa amesimama kwenye ua wa michongoma, mikono nyuma, anaangalia upande wa reli, wala hakukuwa na gari lolote linalopita. Nikafikiri amekasirika kwa sababu ya pesa. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitano na nilifikiri kila mtu hukasirika kwa sababu ya pesa.

Jioni hiyo alianza makadirio. Yalichukua siku nne na daftari moja la kurasa themanini. Alitembea hadi mjini kuuliza bei ya hita ya stima, akarudi na jibu: shilingi elfu mbili na mia sita, na hiyo ni kabla haijaanza kula. Akakaa na bili zetu za stima akapiga hesabu ya hita ikiwaka mchana na usiku kwa siku sitini, kisha akafuta jibu kwa raba, kama mtu aliyeandika matusi. Stovu ya mafuta ya taa aliikataa kwa pua. Alisema moshi ule anaujua, na mtoto wa kilo mbili si wa kuvutishwa taa.

"Basi nunua jiko jipya la makaa, Baba," nikamwambia. "Mia na themanini pale Shauri Moyo. Yale ya udongo ndani yanashika joto vizuri. Tunafunga dirisha, tunaziba mlango na blanketi, kazi imekwisha."

Alinitazama juu ya ile miwani isiyo yake.

"Ukifunga dirisha na makaa ndani, asubuhi watafungua polisi," alisema. "Mourine, umesoma mpaka fomu foo, na hujui moto unapumua?"

Hapo alikuwa na haki, ingawa kunisema mbele ya mama haikuwa lazima.

Kwa hiyo akachora jiko lake mwenyewe. Lilikuwa la bati nene la pipa, limelala ubavu, lenye mlango mdogo wa chuma mbele, mahali pa majivu chini, na bomba la kupeleka moshi kwenye dohani ya mzungu. Ukilitazama vizuri lilikuwa injini ya garimoshi isiyo na magurudumu. Makaa yangewaka ndani, moshi na sumu vingepanda juu, na joto lingebaki kwetu. Hata mimi niliona lina akili. Bei: elfu tatu na mia nne pamoja na bomba na kuzibua dohani. Vitu visivyotarajiwa: shilingi hamsini.

Akajaza fomu akampelekea mama. Mama alikausha mikono, akakaa, akasoma. Ilichukua muda wa kuiva kwa maharagwe. Kisha akaweka kidole chake katikati ya karatasi.

"Hapa hapajajazwa," alisema.

Ilikuwa safu ya SABABU YA KUBADILISHA. Nyeupe kabisa. Mtu aliyewahi kuandika "imeliwa na panya" kwa ajili ya kamba ya nguo, safari hii hakuandika kitu.

"Sababu unaijua," baba alisema.

"Naijua. Iandike."

"Mama Mourine, mtoto anakuja mwisho wa mwezi."

"Hiyo ni sababu ya Asenath. Nataka yako. Bila sababu sitii sahihi."

Mimi na hekima yangu ya mahakamani nikaingilia. "Baba, andika tu 'mtoto mchanga, baridi'. Maneno matatu. Tuendelee na maisha."

Baba na mama walitazamana kama watu wawili wanaoshika ncha mbili za shuka moja, halafu baba akaichukua fomu, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Mama akarudi kwenye maharagwe. Niliwakasirikia wote wawili. Mtoto yuko kwenye kisanduku cha kioo, na wazee wanagombania safu.

Kitu alichofanya baba baada ya hapo, kama angekifanya mtu mwingine kule stoo, baba angemshtaki. Aliagiza kabla ya sahihi. Alikwenda kwa Njogu, fundi wa bati wa Shauri Moyo, mtu wa Murang'a, mpole, aliyepoteza nusu ya usikivu kwa kelele za nyundo za wenzake. Akampa mchoro na shilingi elfu moja na mia sita, mabaki yote ya ile hundi ya kupunguzwa. Akamwambia salio litalipwa siku ya kuleta. Atalipaje, hakumwambia, na Njogu hakusikia vizuri kiasi cha kuuliza.

Jiko lilikuja Jumamosi, siku mbili kabla ya Asenath na mtoto kutoka hospitali. Lilikuja juu ya mkokoteni, likisukumwa na wanaume watatu na Njogu mwenyewe akiongoza. Watu walitoka nje kutazama. Jirani yetu Warigia, anayeuza viatu Kariokor na asiyekosa tukio, alileta kigoda chake. Jiko lilikuwa zuri kuliko mchoro. Njogu alikuwa amelipaka rangi nyeusi, na mlango wake mdogo ulifungwa kwa mlio wa chuma uliofanya uso wa baba ufunguke kidogo.

Walilibeba hadi mlangoni, wakasimama. Wakalishusha. Wakaligeuza ubavu, wakalibeba tena, wakasimama tena.

"Mzee," Njogu alisema, "hii kitu haiingii."

Baba alikuwa amepima kila kitu. Alipima chumba, alipima dohani, alipima urefu wa bomba hadi nusu ya inchi. Mlango hakuupima. Ukimfikiria utamwelewa. Maisha yake yote moto wake ulikuwa tayari umo ndani ya injini alipofika kazini. Hakuna mtu aliyewahi kumpa moto auingize mahali.

"Tunaweza kutoa fremu," Njogu alisema. "Na hizi mawe mbili za huku."

"Ni ukuta wa kanjo," Warigia alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Mkivunja tu, Jumatatu mko nje na vitanda."

Wale wasukumaji wakaanza kutazama saa ambazo hawakuwa nazo. Ndipo Njogu, kwa upole wake wote, akataja salio: elfu moja na mia nane. Alisema hawezi kulirudisha, maana Nairobi nzima hakuna mtu mwingine atakayenunua kitu kama kile, na hawezi kuliacha, maana ana watoto. Nilimwona baba akishika mfuko wa shati. Ndani hamkuwa na pesa, nilijua. Ilikuwa ile fomu. Mtoto anakuja Jumatatu, pesa ya hundi imekwisha, jiko liko nje ya mlango, na jiko la zamani bado lina tundu. Nakwambia ukweli, nilitaka kulia, na si mimi ninayelia hovyo.

Mama alitoka jikoni akajifuta mikono kwenye leso. Alilitazama jiko kwanza, kisha mlango, kisha mumewe.

"Fomu iko wapi?" aliuliza.

Baba aliitoa. Ilikuwa imeshika alama za mikunjo.

"Hapa bado," mama alisema. Hakupandisha sauti.

Baba aliniomba kalamu. Warigia, Mungu ambariki, aliinuka akampa kigoda. Akaweka fomu juu ya lile jiko, kama mezani, mbele ya fundi, wasukumaji na nusu ya majirani, na akaanza kuandika. Aliandika muda mrefu. Safu ikajaa, akaendelea ukingoni, akageuza karatasi. Mara moja alisimama akafuta miwani kwa shati, akaendelea. Njogu alitazama pembeni. Nikasogea nione, mama akanishika mkono wa sweta na kunirudisha nyuma.

Akamaliza, akampa. Mama alisoma akiwa amesimama. Alisoma kila neno, kama kawaida yake, na alipofika mwisho akaanza tena juu. Kisha akachukua kalamu, akaandika kitu, akaikunja karatasi na kuitia kifuani, kule kwenye ufunguo. Akaingia ndani. Tulisikia sanduku la cherehani likifunguliwa. Alirudi na elfu moja na mia nane akampa Njogu mkononi, na hakuomba kupunguziwa hata shilingi kumi. Warigia alisimulia jambo hilo Kariokor kwa wiki mbili.

"Baba Griffins," mama alisema, "lisogezeni upande huu wa ukuta. Upepo unatoka kule."

Nilidhani amechanganyikiwa kwa sababu ya pesa iliyotoka. Baba hakuonekana kudhani hivyo. Alisimama wima, akawaonyesha wanaume mahali pa kuliweka, chini ya baraza, hatua tatu kutoka mlangoni.

Kwa hiyo jiko letu la ndani likawa nje. Jumapili baba alikaa akilitazama tangu tuliporudi kanisani hadi saa kumi, kisha akakumbuka kwamba kule Timboroa, juu milimani, ambako baridi humpata hata mwenye moto miguuni, walikuwa wakipasha matofali kwenye injini na kuyafunga na gunia ili wakanyage. Akaokota matofali kumi na manne nyuma ya ukumbi wa mtaa. Hayakuwamo kwenye makadirio, na bei yake ilikuwa sifuri, hivyo akayaandika kwa kalamu nyekundu.

Ukweli ni kwamba ule mpango ulikuwa bora kuliko wa kwanza. Moto nje, joto ndani, na hakuna moshi wala sumu inayopita mlangoni. Matofali saba yalikaa kwenye jiko, saba yalikaa ndani, yamefungwa gunia na blanketi kuukuu, yakizunguka karai kubwa alimolazwa Luseno. Kila baada ya saa mbili yalibadilishwa. Baba alipanga zamu ukutani, na ukiitazama ratiba ile, kila zamu ilikuwa na jina moja. Nikamwambia hata reli ilikuwa na fayamani wawili. Akasema nitamharibia moto.

Mwezi wa saba wote alikaa kwenye kile kigoda cha Warigia, ambacho hakikurudishwa. Alivaa koti la reli na kofia ya sufu, akitazama rangi ya moshi. Majirani walizoea kuja kuota moto, na kila aliyekuja alikuja na makaa kidogo kwenye karatasi, maana baba aliwaambia hicho ndicho kiingilio. Warigia alichoma mahindi. Kuna asubuhi nilitoka kwenda kazini saa kumi na mbili, umande umeganda kwenye michongoma, nikamkuta anapenyeza mkono ndani ya gunia kupima tofali kama mtu anayepima homa. Hakunisalimia. Alikuwa kazini.

Luseno alipelekwa kliniki kila Alhamisi, na baba aliandika uzito nyuma ya daftari la makadirio. Kilo mbili na robo. Mbili na nusu. Wiki moja hakuongeza kitu, na siku hiyo baba hakula. Mwisho wa mwezi wa nane jua lilirudi, na mtoto alikuwa na kilo nne na gramu mia mbili na sauti ya kondakta. Nesi alimtazama akauliza tumetumia nini. Mama akasema matofali. Nesi akadhani ni dawa ya kienyeji, akatukaripia.

Jumamosi iliyofuata baba aliuzima moto. Alitoa majivu, akafagia tumbo la jiko, akalipaka mafuta lisishike kutu. Kisha akaingia ndani akalala mchana kweupe na viatu miguuni, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

Mama alinikabidhi karatasi zote za jiko, zimekunjwa pamoja. "Wewe ndiye karani," alisema. "Tafuta faili uweke."

Nikaketi barazani kuzipanga. Fomu ilikuwa chini kabisa, imelainika kwa kukaa kifuani. Nainakili hapa jinsi ilivyo, kwa mwandiko wake wa stoo, herufi zote zimesimama.

"SABABU YA KUBADILISHA: Julai 1968 tulikuwa na Griffins. Mtoto wa kwanza. Siku kumi na tisa. Jiko la nyumbani lilikuwa limetoboka nikasema lingoje mshahara. Nikaenda zamu ya Kisumu. Usiku ule baridi ilikuwa kali, na moto wa injini yangu ulikuwa mzuri sana, dereva alinisifu. Nyumbani hapakuwa na moto. Niliporudi walikuwa wamemzika. Sikumwambia mama yake pole kwa sababu sikujua nianzie wapi, halafu ikawa muda umepita. Namwambia sasa. Pole, Nabalayo. Jiko lisingoje mshahara."

Chini yake, kwenye SAHIHI YA MKUU, mama alikuwa ameandika kwa herufi zake za darasa la tatu, kubwa, zikipanda juu ya mstari:

"Imechelewa. Imekubaliwa."